Namna ya Kuandaa Pambano Lisiloshindika Bila Kuwanyang'anya Wachezaji Uamuzi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeendesha mchezo wa kuigiza wa mezani, yaani yule anayesimulia ulimwengu wa hadithi, anayewasemea watu na viumbe wote wasio wa wachezaji, na anayesimamia kanuni, huku kila mchezaji akiigiza mhusika mmoja na kumwamulia la kufanya. Michezo hii ilianza kuuzwa mwaka 1974, Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipochapishwa Marekani, na mpaka leo swali moja halijaisha mezani: je, mwendeshaji ana haki ya kuwaweka wachezaji mbele ya adui wasiyeweza kumshinda? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja tu, kwamba dadu zisirushwe kuuliza swali ambalo mwendeshaji ameshalijibu kichwani mwake.

Mfano nitakaoutumia ni wa hapa hapa Dodoma. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kame ambamo maji yalikuwa mikononi mwa wenyeji, na watemi wa njiani walidai hongo, yaani ada ya kupita, iliyolipwa kwa nguo, ushanga na waya. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na manung'uniko ya Burton na Stanley kuhusu jambo hilo yamo katika maandishi yao. Walikuwa na bunduki, lakini bunduki haizalishi maji. Kwa mwendeshaji wa mchezo sioni mfano bora kuliko huu wa adui asiyepigika ambaye hata hivyo ameacha nafasi tele ya kuamua, na tena mandhari yake hayahitaji kubuniwa: ukitoka mjini kuelekea Bahi au Kongwa unayaona kwa macho.

Hesabu zote zitakazofuata ni za dadu mbili za kawaida za pande sita, zile za ludo, ili kundi lolote liweze kucheza bila kuagiza vifaa kutoka mbali. Matokeo ya 10 na kuendelea ni ufanisi kamili, 7 hadi 9 ni ufanisi wenye gharama, na 6 kushuka chini ni kushindwa.

Hatua ya kwanza: andika ni kitu gani hasa kisichowezekana

Kabla ya kuchora ramani au kumpa mtu yeyote silaha, andika sentensi moja. "Msafara hauwezi kuwashinda wapiganaji wa mtemi kwa silaha" ni sentensi nzuri, kwa kuwa inafunga mlango mmoja na kuiacha mingine wazi. "Msafara hauwezi kupita kabisa" ni sentensi ngumu zaidi, ambayo bado inaweza kutumika iwapo kurudi nyuma, kusubiri au kugawanyika ni njia za kweli. "Lazima msafara uporwe" ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo hakuna pambano tena, kuna taarifa.

Taarifa haina ubaya wowote. Unaweza kuanza kikao kwa kusema kwamba usiku uliopita, karibu na Chunyo, msafara ulivamiwa, mizigo ikachukuliwa, wapagazi wawili wakatoroka, na sasa wahusika wameamka wakiwa na viriba vitatu vya maji mbele ya nyika ya Marenga Mkali. Wachezaji watalipokea hilo kama msingi wa hadithi na wataanza kupanga. Kitakachowaudhi ni kurusha dadu kwa saa nzima, kumaliza risasi na dawa zao, kubuni mbinu moja baada ya nyingine, kisha kutambua kwamba kila alipoanguka mpiganaji mmoja wewe uliongeza wawili, kwa kuwa ulikwisha kuamua tangu asubuhi kwamba wataporwa. Ikiwa sentensi yako ni ya aina hii ya tatu, isimulie kwa dakika mbili na uendelee mbele.

Hatua ya pili: waambie wachezaji kabla ya kuanza

Hatua hii ni fupi lakini haina mbadala. Wachezaji wengi wamelelewa na michezo ya simu na kompyuta, ambamo adui aliyewekwa mbele yako amewekwa ili umpige, na wasipoambiwa vinginevyo watapigana hadi mtu wa mwisho wakiamini kwamba wanatimiza ulichokitaka. Sema waziwazi siku ya kwanza kwamba katika mchezo huu wapo watu, wanyama na mazingira ambayo hayatashindwa kwa nguvu, kwamba dalili zitatolewa, na kwamba anayekwepa hapotezi tuzo.

Hilo la tuzo lisibaki maneno matupu. Katika matoleo ya awali ya Dungeons & Dragons sehemu kubwa ya alama za uzoefu ilitokana na hazina iliyoletwa nyumbani, si viumbe waliouawa, na kwa hiyo kundi lililonyemelea likachukua mali bila kugusa panga lilikuwa limefanya kazi nzuri. Ukitoa alama kwa kuua tu, usishangae wachezaji wakimrukia kila anayepumua. Katika mchezo wa msafara, toa alama kwa kila mzigo unaofika Tabora na kwa kila mpagazi anayefika akiwa hai.

Hatua ya tatu: panga dalili tatu, na zisitegemee dadu

Mchezaji anaweza kuamua kwa akili pale tu anapojua anachokikabili. Kasoro ninayoiona mara nyingi ni mwendeshaji kuficha dalili nyuma ya dadu: mchezaji anarusha ili aone kama mhusika wake ametambua hatari, dadu zinakataa, na kundi zima linaingia mtegoni likiwa halijui. Dalili za hatari isiyoshindika hutolewa bure, na zitolewe kwa sura tofauti, maana kinachompita mmoja humgusa mwenzake.

Ya kwanza iwe habari kutoka kwa mtu. Msafara unaorudi pwani unakutana na wachezaji, na kiongozi wake, mzee aliyechoka, anawaeleza kwamba kisima cha mbele kina mwenyewe na kwamba waliojaribu kuteka maji bila idhini walirudi bila mizigo. Ya pili iwe kitu kinachoonekana, kwa mfano bunduki zilizoshika kutu zimetundikwa ukutani mwa tembe ya kwanza wanayoikaribia. Ya tatu iwe namba. Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu waendeshaji wengi huogopa namba wakidhani zinaua utamu wa simulizi.

Chukua mfano wa Dungeons & Dragons, toleo la 2014. Joka jekundu lililokomaa lina alama 256 za uhai, na moto wake huondoa wastani wa alama 63 kwa pumzi moja, ilhali shujaa wa daraja la kwanza ana alama kama 12. Mwendeshaji anayesema "mnaliona joka kubwa la kutisha" amesema jambo ambalo husemwa kuhusu kila joka, na mchezaji atalichukulia kama pambo la lugha. Anayesema "pumzi moja ya huyu inawaua ninyi nyote wanne, pamoja na punda" amempa mchezaji kitu cha kupimia. Vivyo hivyo kwa mtemi: usiseme "wapiganaji wengi". Sema kwamba kilimani wamesimama watu wapatao 300 wenye mikuki na mishale, na kwamba msafara wenu una bunduki 11.

Hatua ya nne: andaa njia za kutokea, kila moja na bei yake

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Andika njia zisizopungua tatu ambazo wewe mwenyewe, kama ungekuwa mchezaji, ungezifikiria kwa dhati. Njia moja yenye faida zote si uamuzi, na njia tatu zinazofika mahali pamoja kwa hasara ileile si uamuzi pia. Kinachotakiwa ni kwamba kila njia ichukue kitu tofauti kutoka kwa kundi: mali, muda, heshima, afya au uhuru wa baadaye.

Ili kuzipata njia hizo, anza kwa kujiuliza mwenye nguvu anataka nini. Mtemi hana haja ya kuwaangamiza wasafiri, kwa kuwa msafara ulioangamizwa haurudi mwaka ujao na habari zake hufika pwani. Anataka nguo, anataka kutambuliwa mbele ya wazee wake, na anataka msafara usimalize maji ambayo watu na ng'ombe wake wanayategemea mpaka mvua za Desemba. Ukishayajua matakwa hayo, milango inaonekana yenyewe.

Kulipa ni njia ya kwanza. Mtemi anadai doti 40 za nguo, na msafara una 100 ambazo zinatakiwa kuwafikisha hadi Tabora, huku mbele wapo watemi wengine. Wakilipa zote 40 wanapita salama siku hiyohiyo, lakini wamejifunga kwa safari iliyobaki. Kujadiliana ni njia ya pili, nayo ina dadu: wachezaji wakiingia kwa adabu, wakaamkia kwa Kigogo "Mbukwenyi", wakakaa walipoelekezwa na kumtuma mkubwa wao azungumze kwanza na wazee, dadu zikitoa 10 au zaidi ada inashuka hadi doti 20, zikitoa 7 hadi 9 inashuka hadi 30 lakini msafara unangojeshwa siku tatu, ukila akiba yake, zikitoa 6 au chini yake mtemi anabaki na 40 zake na anadai pia bunduki moja. Angalia kwamba hata kushindwa hakuufungi mlango. Njia ya tatu ni kuzunguka kwa siku mbili bila maji, na hapo tangaza mapema kwamba kila mpagazi atahitaji kiriba chake na kwamba viriba havitoshi, ili wachezaji ndio waamue nani abaki. Njia ya nne ni kutoa huduma: ng'ombe walioibwa wanatafutwa, kuna ugomvi wa mpaka na jirani, au kuna mgonjwa wa kuuguzwa. Huduma haigharimu nguo hata moja, lakini inawaingiza wageni katika mambo ya watu ambayo hawayajui undani wake.

Usiwasomee wachezaji orodha hii. Ni ya kwako, ili uwe na uhakika kwamba milango ipo, na wao watakuja na mlango wa tano ambao hukuuona. Ukiwa unatumia mambo ya Wagogo kama haya, au michoro ya miambani ya Kolo huko Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006 na ambayo wenyeji bado wanaheshimu baadhi ya mapango yake kwa matambiko, nashauri wenyeji wabaki kuwa watu wenye sababu zao. Kumgeuza mtemi kuwa zimwi kunaudhi, na zaidi ya hapo kunaharibu mchezo, kwa kuwa zimwi halijadiliani.

Wapo kweli wapinzani wasio na masikio ya kusikiliza. Tembo wa upande wa Mtera na Ruaha hapigiwi hesabu ya doti. Kwake milango ni ya aina nyingine: mwelekeo wa upepo, kwa kuwa hunusa mtu kutoka mbali, njia anayoihitaji kufikia maji, chakula kilichobebwa ambacho kinaweza kuachwa. Dalili zake pia ni za bure, kuanzia kinyesi kibichi na matawi yaliyovunjwa hadi masikio yaliyotandazwa. Kanuni ni ileile: kila mlango una bei, na mchezaji anaijua kabla ya kuufungua.

Hatua ya tano: tengeneza kanuni ya kukimbia

Waendeshaji hulalamika kwamba wachezaji hawakimbii. Mara nyingi wachezaji wako sahihi, kwa sababu kanuni walizopewa zinamwadhibu anayekimbia. Katika toleo nililolitaja, binadamu husogea futi 30 kwa zamu, au 60 akikimbia, wakati joka lile huruka futi 80 bila hata kujitahidi. Na mtu anayejitoa kwenye mapigano bila tahadhari hupigwa pigo la bure mgongoni. Mchezaji aliyeisoma kanuni anajua kwamba kugeuza mgongo ni kufa akiwa amechoka.

Tatizo la pili ni la hesabu, na linawapita wengi. Tuseme mwendeshaji ameamua kwamba kila mhusika atarusha dadu zake mwenyewe, na anayepata 7 au zaidi anatoroka. Kati ya michanganyiko 36 ya dadu mbili, 21 inatoa 7 au zaidi, yaani asilimia 58, na hiyo inaonekana huruma ya kutosha. Lakini kundi la watu wanne haliachi mwenzao nyuma. Akikwama mmoja wanarudi wote. Uwezekano wa wote wanne kufaulu kwa pamoja ni asilimia 12 hivi. Mwendeshaji alidhani amefungua mlango, kumbe ameacha upenyo wa panya.

Kwa hiyo tumia mrusho mmoja kwa kundi zima. Mchezaji mmoja arushe kwa niaba ya wote, na kabla ya kurusha kundi litaje litakachoacha. Wakipata 10 au zaidi wanatoroka na kila kitu. Wakipata 7 hadi 9 wanatoroka na kuacha walichokitaja. Wakipata 6 au chini yake wanatoroka pia, ila wanaacha walichokitaja na mmoja wao anajeruhiwa au anashikwa. Wachezaji wakiamua kutupa mzigo mapema ili mbio ziwe nyepesi, waongezee 1 au 2 kwenye jumla. Kwa utaratibu huu kukimbia daima kunafanikiwa na daima kunagharimu, nao wataanza kutumia mbio kama njia ya kawaida, kwa vile wanaweza kukadiria bei yake.

Hatua ya sita: mezani, simama kabla ya jambo lisilorudishika

Mchezaji akitangaza tendo litakaloanzisha maangamizi, usirushe dadu papo hapo. Huenda hakukusikia vizuri, huenda alikuwa anajibu simu, au picha aliyonayo kichwani si ile uliyonayo wewe. Toka kidogo katika usimulizi na uzungumze kama mtu wa mezani. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Kaka, mimi nampiga risasi huyo aliyeshika kamba ya kisima."

"Sawa, dada, nimekusikia. Kabla hujarusha: yuko peke yake kisimani, lakini wale 300 wa kilimani wanamwona. Ukifyatua, hakuna mazungumzo tena leo, na bunduki zenu zikishapigwa mara moja hamtapata muda wa kuzishindilia upya. Bado unapiga?"

"Wale wa kilimani wako mbali kiasi gani?"

"Mwendo wa mtu kukimbia huku akihesabu hadi mia."

"Basi simpigi. Namwelekezea bunduki tu, nione atafanya nini."

Mwendeshaji hakumkataza mtu hapa. Alitoa habari ambazo mhusika, akiwa amesimama pale juani, angekuwa nazo bila kuuliza, na uamuzi ukabaki mikononi mwa mchezaji, ambaye kwa kweli alichagua jambo la tatu ambalo mwendeshaji hakulitarajia. Ukisimama hivi mara moja inatosha. Ukirudia onyo mara tatu au nne, sauti yako inageuka kuwa mkono unaowasukuma.

Ikiwa baada ya hayo bado wanapigana, waache wapigane, na dadu zirushwe hadharani mbele ya wote. Wasiokolewe na radi ya ghafla wala jeshi rafiki lililotokea vichakani, na wasiadhibiwe kwa maadui walioongezwa katikati. Ila kumbuka kwamba kushindwa si lazima kuwe kufa. Mtemi yuleyule asiyetaka kuwaangamiza wasafiri anaweza kuwanyang'anya silaha na kuwalazimisha kulipa maradufu, au kumshikilia mmoja wao mpaka msafara utakaporudi. Matoleo ya mwaka 1981 ya Dungeons & Dragons yalikuwa na mrusho wa dadu mbili wa kupima kama maadui wanaendelea kupigana au wanavunjika moyo, na kanuni kama hiyo inafaa kuwepo mezani, maana watu 300 waliokuja kulinda kisima hawako tayari wote kufa kwa ajili ya doti 40.

Na wakishinda je? Itatokea. Mchezaji mmoja atakuja na wazo la kukata kamba na kutumbukiza kisimani mizigo ya chumvi, kisha amwambie mtemi kwamba wakigombana maji yataharibika kwa wote. Kama wazo linasimama ndani ya ulimwengu mliokubaliana, likubali, rusha dadu, na uheshimu jibu lake hata likivunja ile sentensi uliyoiandika katika hatua ya kwanza. Sentensi ile ilikuwa makisio yako ya jinsi nguvu zilivyogawanyika. Haikuwa ahadi kwa mtemi.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu ya bei iliyolipwa

Kikao kikiisha, chukua dakika kumi uandike mambo matatu: walichotoa, walichoahidi, na nani aliwaona. Uamuzi ambao hauna athari katika kikao kinachofuata utaonekana kuwa wa bure, hata kama ulisumbua watu usiku kucha. Waliolipa doti 40 waanze kuhesabu nguo zao wanapomfikia mtemi wa pili. Waliozunguka wafike nyika ya Mgunda Mkali, magharibi ya Ugogo, wakiwa na wapagazi wachache na mizigo isiyo na wabebaji. Waliomtishia mtu wa kisimani wakute habari zao zimetangulia, na ada ya mbele imepanda kabla hawajafungua mdomo. Waliomhudumia mtemi wapewe kijana wa kuwaongoza, pamoja na adui mpya ambaye ni jirani wa mtemi huyo. Na kwa kuwa msafara ukifika Tabora utabeba pembe za ndovu kurudi pwani kwa njia hiyohiyo, andika pia katika daftari lako mtemi atadai nini safari ya marudio, na ni lipi kati ya yale yaliyotokea litakalomfanya apandishe au apunguze.